Bonde la Kifuani kwa Baba

Mimi nikimenya njegere mbichi huwa sifai. Namenya mbili, nakula moja, halafu naanza kucheka peke yangu. Jirani yangu hapa Mwembesongo, mama mmoja anayeuza vitenge, ameshanizoea. Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa barazani, kila mtu na sinia lake, na maganda yalipoanza kutoa ile harufu yao ya majani mabichi na maji, aliniangalia akasema, "Haya, ameshaondoka huyo. Ukifika huko milimani utusalimie."

Kweli nilikuwa nimeondoka. Nilikuwa nimelala ubavuni kwa baba kwenye mkeka, uwani kwetu juu Uluguru, na njegere zilikuwa zinadondoka moja moja kwenye kifua chake.

Nikieleze kwanza hicho kifua, maana bila hicho hakuna kitakachoeleweka. Baba yangu ni mtu mrefu mwenye mabega mapana. Enzi hizo mitulinga yake, ile mifupa miwili inayotoka shingoni kwenda mabegani, ilikuwa imesimama kiasi kwamba akioga maji yalituama juu yake. Chini ya mitulinga kifua kilianza vizuri tu, kama cha mwanaume yeyote anayeshika jembe. Kulikuwa na misuli miwili bapa, mmoja huku na mwingine kule. Kulikuwa na vinyweleo vichache vilivyojisokota, ambavyo nilikatazwa kuvivuta na nikawa navivuta. Kulikuwa na chuchu mbili ndogo nyeusi. Niliuliza zina kazi gani kwa mtu asiyenyonyesha, nikajibiwa kwamba ni vifungo, Mungu alipomaliza kushona ngozi alizifungia pale. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Pembeni mbavu zilihesabika kwa kidole. Shingoni palikuwa na pembe nyeusi iliyochomwa na jua, pale ambapo shati halikufika, na kuanzia hapo kushuka chini ngozi ilikuwa nyepesi kidogo kwa rangi.

Halafu katikati, pale ambapo watu wengine wana ubapa wa mfupa, kifua cha baba kilikuwa kinazama. Hakikuwa kidonda wala kovu. Ngozi ilikuwa nzima na laini. Kilizama taratibu kutoka kila upande, kama unga kwenye beseni ukiukandamiza kwa ngumi, mpaka kikafanya shimo ambalo mkono wangu uliofumbwa ulienea humo. Sisi tuliliita bonde. Watu wa milimani wakiona kitu kimezama hawana jina lingine.

Jumapili, baada ya misa na chakula, baba alikuwa anatandika mkeka pale jua linapopiga, anafungua vifungo vya shati na kulala chali. Mama anamwekea kikapu cha njegere pembeni. Yeye anamenya huku anaangalia mawingu, na kila akimenya anaziangusha bondeni, na mimi nazila kutoka humo kwa vidole, mara nyingine kwa mdomo kabisa kama kuku. Baba akicheka zinaruka zote. Zinateremka tumboni, zinaingia kwenye mkeka, na kuku wenyewe wanakuja mbio. Mama alikuwa analalamika kwamba njegere za kupeleka mjini zinaishia kwa mtoto. Baba anamjibu, "Hizi hazikufika kwenye gunia, mama Felista. Zimepotelea bondeni."

Hayo yalikuwa nyumbani, tukiwa sisi watatu. Nje ya uwa ule hakuna mtu aliyeliona bonde. Wanaume wenzake walipokuwa wanachimba matuta kwenye mteremko, jua likikolea wote walivua mashati wakayatundika kwenye migomba, isipokuwa baba, aliyebaki na shati lililofungwa mpaka juu huku limelowa jasho mgongo mzima. Kwenye mpira wa uwanja wa kanisa, ambako timu moja inacheza na mashati na nyingine vifua wazi, baba alikuwa anasubiri kwanza aone timu yake imepangiwa nini. Ikiwa ni kuvua, basi siku hiyo yeye anakuwa refa. Alikuwa refa mbaya sana lakini mwenye bidii. Mimi nilielewa kwamba analificha kwa sababu ni kitu cha thamani, kama bibi anavyofunga ugoro wake kwenye pindo la khanga ili watu wasimwombe.

Na thamani yake nilikuwa naijua, kwa sababu bonde lilikuwa langu. Niliwahi kumuuliza baba ni nani aliyelichimba. Bila kugeuza uso kutoka mawinguni akaniambia, "Wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ulipozaliwa ulikataa kitanda. Ukawa unalala hapa, kila siku hapa hapa. Kichwa chako kizito, mwanangu. Ukabonyeza, ukabonyeza, mpaka mfupa wenyewe ukakubali."

Nilikishika kichwa changu kwa mikono miwili, nikaona kweli ni kizito.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani hilo lilikuwa ni jambo dogo. Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo, ambao wazee wanauita lukolo, unafuata tumbo la mama, na ardhi nayo inapita humo humo. Baba yangu alikuwa amepanda mlima kutoka Dumila, ambako alikuwa anauza vitunguu barabarani kwa abiria wa mabasi. Alikuja kutafuta njegere za jumla, akampata mama, njegere akazisahau. Kwa hiyo nyumba tuliyokaa ilikuwa kwenye ardhi ya kina mama, shamba lilikuwa la kina mama, na mwenye neno la mwisho juu yangu alikuwa Mjomba Benedikto, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mtu mpole mwenye sauti kubwa, na alinipenda. Siku moja alinishika mkono akanipeleka mpaka mwisho wa shamba, akanionyesha. "Kuanzia hapa mpaka kwenye ule mgomba ni pa mama yako. Baadaye patakuwa pako wewe."

"Na baba ana pa wapi?"

Mjomba akacheka. "Baba yako analima, binti yangu. Analima vizuri sana."

Bibi naye, mama yake mama, kila akinisuka alikuwa ananikumbusha: wewe ni wa kwetu. Hakuwa anasema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa naangalia upande wa pili wa uwa, namwona baba anatengeneza mpini wa jembe, nami nawaza kwamba mtu huyu ninayempenda kuliko wote hakuna mahali ambapo pameandikwa kwamba mimi ni wake. Ndipo nakumbuka bonde. Huko kwa mjomba nilikuwa na shamba. Kwa baba nilikuwa na bonde, na nimelichimba mwenyewe. Nilikuwa nalala usingizi mzuri sana.

Usingizi uliharibika mama alipopata mimba. Nilimuuliza mtoto akija atalala wapi. Akasema, huku anapepeta maharage, "Kifuani kwa mama, kifuani kwa baba, popote atakapotulia." Nikaenda kuliangalia bonde upya. Na nilipoliangalia kwa makini nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona siku zote bila kukifikiria: upande wa kushoto wa bonde, chini ya kile kifungo kidogo cheusi, ngozi ilikuwa inarukaruka. Kulikuwa na kitu ndani kinagonga, karibu kabisa, kama kifaranga anayetaka kutoka kwenye yai. Nikamuuliza baba ni nini. "Moyo," akasema, na kuendelea kumenya.

Basi nikaelewa kila kitu. Mimi peke yangu nilikuwa nimebonyeza mpaka nimeufikia moyo. Pale katikati palikuwa pamebaki ngozi tu. Mtoto wa pili akilala hapo na kichwa chake, baba atatoboka.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu, kwa sababu mwenye kosa la kwanza alikuwa mimi. Nilichofanya ni kuanza kumnenepesha. Kila tukila magimbi nasukuma yangu upande wake. Nikipewa mnofu wa kuku nasema nimeshiba. Baba alikuwa anawaambia watu kwamba binti yake ana huruma ya ajabu, bibi akawa na wasiwasi kwamba nina minyoo, na mimi nilikuwa nakonda kwa furaha, nikiangalia kama ngozi imeanza kuongezeka unene. Haikuongezeka.

Mtoto hakusubiri siku zake. Ilikuwa kwenye miezi ya baridi, ukungu umekaa kijijini tangu alfajiri, mama akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Wanaume walifunga blanketi kwenye miti miwili ikawa machela, wakambeba kuteremka naye kwenye zahanati ya misheni, baba mbele na Mjomba Benedikto nyuma, bibi na mimi tunafuata na beseni la nguo. Njia ilikuwa inateleza. Baba hakuongea njia nzima. Mjomba alikuwa anaongea kwa wote wawili, kwa sauti kubwa, akiwaamuru watu wa mbele wapishe njia, na mbele hakukuwa na mtu.

Damiani alizaliwa kabla jua halijawa kali. Nilimwona amebebwa na Sista kwenye kitambaa cheupe, mdogo kama mkate wa boflo, mwekundu, hana hata nguvu ya kulia. Mama alikuwa ametoka damu nyingi. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, amefumba macho, na mkono wake una mpira wa maji.

Sista yule, mama mnene mwenye miwani na viatu vya raba, alikuja kwenye benchi tulipokaa. Bibi akamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibu, "Milele amina, mama," na bila kupumzika akaendelea. "Huyu mtoto ni njiti. Anapoteza joto. Hapa hatuna mashine ya kumtia joto, na gari la kumpeleka mjini halitapanda na utelezi huu. Dawa yake ni moja, abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama yake hawezi kwa leo na kesho. Nani atambeba?"

Bibi alianza kufungua khanga. Akakohoa. Alikuwa anakohoa tangu wiki iliyopita.

"Wewe hapana, mama," Sista akasema. "Baba wa mtoto yuko wapi?"

Baba alikuwa amesimama pale pale. Nilimwona akishika ukosi wa shati lake kwa mkono. Aliangalia mlango, akamwangalia bibi, akaangalia viatu vyake. Nitawaambia watu wasiojua mambo yetu: mkwe mwanaume hasimami kifua wazi mbele ya mama mkwe wake. Hata akitoka kuoga anazunguka nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amekaa miaka yote ile kwenye ardhi ya bibi bila kumwonyesha hata bega. Na hiyo ilikuwa nusu tu ya shida yake. Nusu nyingine ilikuwa chini ya shati.

"Vua shati, baba," Sista akasema. "Mtoto anapoa."

Baba hakusogea. Ndipo bibi yangu akanyanyuka kutoka kwenye benchi, akageuka, akasimama ameutazama ukuta, pua yake karibu na picha ya Bikira Maria. "Vua, mwanangu," akasema kuuambia ukuta. "Mimi huku sioni kitu." Akavua khanga ya begani, akairusha kwa nyuma bila kugeuka, ikamwangukia Sista kwenye miwani.

Baba akaanza kufungua vifungo. Kimoja, halafu kingine. Alifungua kama mtu anayevua bandeji. Sista aliliona bonde, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe kitanda tunacho." Akamnyanyua Damiani.

Hapo mimi nikapiga kelele. Nilimkamata baba suruali kwa mikono yote nikajining'iniza. "Asiwekwe hapo! Baba atatoboka! Asiwekwe!"

Hata mama alifumbua macho. Sista akamrudisha mtoto kwenye kitambaa, akamkumbatia, akaniuliza nasema nini. Nikamwaga yote, huku nalia mpaka maneno yanakatika: kwamba lile bonde nililichimba mimi kwa kichwa changu, kwamba mfupa ulikubali, kwamba imebaki ngozi tu na moyo unaonekana, angalia pale, si unauona, na kwamba mtoto huyu akilala pale atamalizia. Pale ukutani mabega ya bibi yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Baadaye nilijua alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Baba hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyepigwa.

Sista akapiga goti moja mbele yangu, mtoto mkononi. "Nipe mkono. Fumba ngumi. Bonyeza hapa katikati. Hapana, kwa nguvu. Unasikia nini?"

Nilibonyeza. Chini ya ngozi palikuwa pagumu, pagumu kuliko goti langu.

"Huo ni mfupa wa kidari," akasema. "Wewe unao, mimi ninao, na baba yako anao. Mbavu zimeshikana nao huku na huku. Wa kwako umekaa bapa, wa kwake umeingia ndani, basi. Na moyo ulipokosa nafasi katikati ukasogea kushoto kidogo, ndiyo maana unauona unacheza. Hatoboki huyu, hata alale tembo. Amezaliwa hivyo."

"Amezaliwa hivyo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe, mpenzi. Wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

Akamweka Damiani bondeni. Alienea. Kichwa kilikaa upande mmoja wa mfupa, makalio yakakaa tumboni, na mwili wake wote ukajaza lile shimo mpaka kifua cha baba kikawa sawa kama cha watu wengine. Sista akafunga khanga ya bibi kuwazunguka wote wawili, akaongeza blanketi, na bibi akaruhusiwa kugeuka.

Nilifurahi kwamba baba hafi. Na papo hapo niliumia kuliko nilivyowahi kuumia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi karibu na tangi la maji, nikawaza: basi mimi sina kitu. Kumbe yote yalikuwa maneno. Bonde si langu, ni la Damiani, yeye ndiye anayeenea, na mimi ni wa mjomba mpaka kwenye ule mgomba.

Tulikaa kwenye zahanati siku kadhaa. Baba alikuwa anakaa kwenye benchi la varanda, kule jua linakofika, khanga kifuani na kichwa kidogo cheusi kinachungulia kwenye shingo yake. Kijiji chote kilipita. Walikuja wanawake na uji, wakaja wale wanaume wa matuta na wale wa mpira, na kila mara Sista alipokuja kumpima mtoto khanga ilifunguliwa na kila aliyekuwepo aliona. Mwanzoni baba alikuwa anainamisha uso. Siku zilivyoenda akawa hajali, au amechoka kujali. Mmoja wa wale wacheza mpira alisema, "Aa, kumbe ndiyo maana tulikuwa na refa kila wiki," watu wakacheka, na baba naye akacheka, taratibu, ili asimrushe mtoto.

Mjomba Benedikto alikuwa ameshinda siku ya kwanza nzima juu ya lile jabali ambako simu yake ya tochi inashika mtandao, akitafuta gari. Alipokuja kumwona mtoto alikaa karibu na baba, akaangalia sana.

"Shemeji," akasema, "umekaa hapa tangu asubuhi. Nipe nikupokee, ukale. Mtoto ni wa ukoo wangu, nami nifanye kazi."

Akavua shati. Kifua cha mjomba kilikuwa kifua hasa, kipana, kimejaa nywele, kigumu kama mlango. Sista akamhamishia Damiani. Damiani akateleza. Mjomba akamzuia kwa mkono, akateleza upande wa pili. Nywele zilimwingia mtoto puani, akapiga chafya ambayo ilikuwa kubwa kuliko yeye, halafu akaanza kulia kile kilio chake cha paka. Mjomba, ambaye sauti yake ilisikika mlima wa pili, akawa ananong'ona, "Sista, mchukue, mchukue, namvunja." Mtoto akarudishwa kwa baba. Akanyamaza kabla khanga haijafungwa.

Mjomba alivaa shati lake polepole, akafunga kila kifungo. "Haya," akasema. "Ukoo ni wangu, shemeji. Kitanda ni chako."

Nilimwona baba akinyoosha mgongo kwenye lile benchi, mabega yakaenda nyuma, na tangu hapo sijawahi tena kumwona ameinama mbele ya shemeji yake.

Mimi nilikuwa sisogei. Nilikuwa nakula kwa bibi, nalala kwa bibi, nikipita varandani napita mbio. Baba alikuwa ananifuata kwa macho tu, kwa sababu mtu aliyefungwa khanga na mtoto njiti hawezi kumkimbiza mtu. Alisubiri. Ile siku mama alipoweza kukaa mwenyewe na kumpokea Damiani, ilikuwa mchana, ukungu umepanda. Baba alitoka nje kama alivyo, bila shati, akavuka uwanja wa zahanati mbele ya wagonjwa wote na mbele ya bibi, aliyegeuka haraka akautazama mchicha wa masista, akaja akalala chali kwenye nyasi karibu na ngazi yangu.

"Umeninunia," akasema akiangalia mawingu.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Nilisikia maji yanadondoka kwenye tangi.

"Unaona, mwanangu," akasema, "ukoo umepewa na mama yako. Ardhi umepewa na mama yako. Hata nyumba tunayolala ni ya kwao, na sisemi vibaya, ndivyo ilivyo hata kwetu Dumila. Mimi nikajiangalia, nikasema nitampa nini huyu mtoto ili ajue kwamba ana chake kwangu? Sikuwa na kitu. Nilikuwa na hili shimo, ambalo tangu utoto wangu linanitia aibu, wenzangu walikuwa wanalitemea maganda ya miwa. Nikakupa hilo. Na nikwambie kitu, tangu siku niliyokupa likawa halinisumbui tena nikiwa na wewe. Nikawa nasema, si la kwangu tena, ni la Felista."

Nilikuwa na umri ambao mtu anaelewa kitu kizima mwilini kabla hajakielewa kichwani. Nilichojua ni kwamba hasira imekwisha, imetoka yote, na mahali pake pameingia kitu cha moto kilichonifanya nitake kulia na kucheka. Nikateremka kwenye ngazi, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikalala kama zamani, nikaweka kichwa bondeni.

Hakikuenea. Kilikuwa kimekua, nacho kizito kweli, sikio likawa linaumia kwenye ule mfupa wa kidari. Nikajaribu huku, nikajaribu kule. Mwishowe kichwa kiliteleza chenyewe upande wa kushoto, kikatulia juu ya mbavu, na hapo hapo, chini ya sikio langu, ukaanza mdundo ule mkubwa, gu-du, gu-du, karibu kiasi kwamba ulinitikisa shavu. Damiani hakuwahi kulala pale. Hapakuwa na mtu aliyewahi kulala pale.

Baba akaniuliza kama nimestarehe. Nikamwambia anyamaze kwanza, nasikiliza.